Dabarani Juu ya Al-Balad

Katikati ya Januari, saa tatu na robo usiku, mzee mmoja mzaliwa wa Unguja hupanda juu ya paa la nyumba yake mtaani Al-Balad, Jeddah. Nyumba kongwe za hapo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na mbele ya Beit Nasseef umesimama mwarobaini; mtu wa Mji Mkongwe haoni ugeni mkubwa. Anachokitafuta kiko karibu na utosi wa mbingu: nyota ya rangi ya machungwa, Dabarani.

Waarabu waliiita hivyo, yaani mfuasi, kwa kuwa huiandama Thurayya, ambayo Waswahili huiita Kilimia kwa sababu ya kulima. Rangi yake ni rangi ya uzee. Imekwisha kuchoma haidrojeni ya kiini chake, ikavimba hata kipenyo chake kikazidi cha Jua mara 40 na ushei, na uso wake ukapoa hadi nyuzijoto 3,600 hivi. Uso wa Jua una kama 5,500. Nuru yake husafiri miaka ipatayo 65 kufika duniani.

Dada yake amebaki Malindi, katika Mji Mkongwe. Hawajaonana miaka mingi, na simu zao zilikuwa zimebakiwa na salamu, dawa na bei ya samaki. Hata siku moja mzee akatazama ramani, akaona kwamba Jeddah na Mji Mkongwe ziko kwenye longitudo moja, digrii 39.2 mashariki. Dabarani hufika kileleni kwao wote wawili kwa dakika ileile. Kwake huwa imepungua digrii 5 tu kutoka utosini, upande wa kusini. Kwa dada huelemea kaskazini, digrii 23 hivi.

“Basi iko baina yetu,” alisema dada.

“Iko, dada. Ila karibu yangu zaidi.”

“Wewe tangu utotoni hujui kugawana.”

Nuru hiyo ilianza safari walipokuwa wakilala chali juu ya mkeka mmoja, uani kwa baba yao.

Taa za Jeddah zimeifuta Kilimia. Mzee humwona mfuasi, hamwoni anayefuatwa. Usiku mmoja umeme ulikatika Malindi. Dada akatoka nje na simu, akamhesabia nyota za Kilimia, moja moja, mpaka sita. Baba yao alikuwa akihesabu saba.