Mlolongo wa Illinois

Mtajie mlolongo Mkenya yeyote aliyekuwa mtu mzima mwaka 1988, atasonya. Katika uteuzi wa wagombea ubunge wa KANU, chama pekee wakati huo, Februari mwaka huo, watu walipanga foleni nyuma ya mgombea wao au wakala aliyeshika picha yake, wakahesabiwa hadharani. Aliyepita asilimia 70 alikuwa mbunge tayari, hana haja ya uchaguzi mkuu. Sehemu nyingi foleni fupi ilitangazwa mshindi, mchana kweupe, na wenye macho wapo. Baba mdogo alisimama katika foleni ndefu iliyoshindwa. Hadi leo ukimuuliza habari za kura anabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo nilishtuka, nikiishi hapa Illinois, kusoma kwamba Abraham Lincoln alianza uongozi kwa mlolongo. Aprili 1832 vijana wa kijiji cha New Salem na jirani zake walijiandikisha kwenda vitani dhidi ya wenyeji walioongozwa na Black Hawk, na ikabidi wachague kapteni. Wagombea walikuwa wawili: William Kirkpatrick, mwenye mashine ya kupasua mbao, na Lincoln, kijana wa miaka 23 asiye na mali. Kila mtu akaenda kusimama nyuma ya amtakaye. Wengi wakamwendea Lincoln. Miaka mingi baadaye, akiwa mwanasiasa wa kitaifa, aliandika kwamba hakuna ushindi uliokuwa umemfurahisha kama ule.

Kura za kawaida nazo hazikuwa siri. Illinois ya wakati ule mpiga kura alifika mbele ya karani, akataja kwa sauti majina ya anaowataka, na karani akaandika jina lake na chaguo lake kitabuni. Ndiyo maana leo tunajua kwamba Agosti 1831, Lincoln alipopiga kura kwa mara ya kwanza, mmoja wa aliowachagua kuwa konstebo alikuwa Jack Armstrong, yule mbabe aliyewahi kupigana naye mieleka. Mwaka uliofuata akagombea ubunge wa jimbo, akaanguka: wa 8 kati ya wagombea 13, na viti vilikuwa 4. Lakini katika kituo cha New Salem na jirani zake, kati ya kura kama 300, alipata 277.

Hapo ndipo ninapoona tofauti na kwetu. New Salem yenyewe ilikuwa na familia zipatazo 25. Karani akiandika uongo, jioni atakutana na aliyemdhulumu dukani. Kwetu msimamizi alikuwa afisa wa serikali aliyetumwa, na mtu ambaye yeye alimwogopa hakuwa kwenye foleni. Sisemi kura ya sauti ilikuwa salama. Mtu anayedaiwa na mgombea alitaja jina gani, mnadhani? Illinois yenyewe iliiacha katika katiba ya 1848. Kwetu mlolongo ulifutwa mwishoni mwa 1990, baada ya viongozi wa makanisa kuupinga tangu ulipotangazwa.

Na nisiwapambie. Katiba ya Illinois ya 1818 iliruhusu hata mgeni asiye raia kupiga kura akishakaa miezi 6, jambo ambalo mwenye green card leo ataliota tu. Sharti: awe mwanamume, na awe mweupe. Mimi ningeishia kusimama nje ya ua.

Kampeni zilikuwa za jasho na pombe. Wagombea walinunua wiski kama wetu wanavyogawa unga na leso. Inasimuliwa kwamba mwaka 1834 Lincoln aliwakuta wavunaji kama 30 shambani, wakamwambia hawampi kura mtu asiyejua kazi. Akachukua fyekeo la ngano, akawaongoza kulizunguka shamba zima. Wetu huomba jembe, hupigwa picha, hurudisha jembe.

Safari hiyo alishinda. Lakini vidonda vya duka lake lililofilisika vilimfuata: farasi wake na vifaa vyake vya kupimia ardhi vilipigwa mnada kwa ajili ya deni, na jirani mmoja, James Short, akavinunua na kumrudishia. Tena hakuwa na nguo ya kuingilia bungeni Vandalia, mji mkuu wa jimbo wakati huo. Akamwendea mkulima mwenye uwezo, Coleman Smoot, akamuuliza kama alimpigia kura. Smoot akakubali. Basi nikopeshe, nisikuaibishe, ndivyo ninavyouelewa ujumbe wake. Akapewa dola 200, na kama 60 zikaenda kwenye suti.

Kwetu mwakilishi wadi huamka asubuhi ya ushindi na kukuta getini karo, matanga na bili za hospitali vikimsubiri, na aliyempigia kura ndiye mdai wa kwanza. Nilimsimulia kisa cha Smoot rafiki yangu aliyegombea wadi kijijini kwetu, tukiongea kwa simu. Aliniuliza huyo Smoot alikuwa anatafuta tenda gani.