Njia ya Kipushi: nyumba bei chini, barabara bei gani?

Ukitoka Lubumbashi asubuhi na mapema kuelekea Kipushi, utapishana na taksi-basi zilizojaa mpaka mlangoni. Ni kilomita 30 tu. Ndani yake mko mafundi, wanafunzi, walimu, wamama wa soko. Jioni magari yale yale yanawarudisha. Mama mmoja aliniambia: “Pasta, ku Lubumbashi njo kwenye tunatafuta, ku Kipushi njo kwenye tunalala.”

Zamani haikuwa hivyo. Kipushi ilikua kwa sababu ya mgodi. Union Minière ilianza kuchimba pale mwaka 1924, na mtu aliyepata kazi alipata na nyumba kambini, hakuuliza bei. Mwaka 1967 serikali ikachukua kampuni, nayo baadaye ikaitwa Gécamines, na desturi ya nyumba ikaendelea. Mwaka 1993 mgodi ukasimama. Nyumba zikabaki, mishahara haikubaki. Wenye nyumba wakaanza kupangisha chumba kimoja, kisha kanyumba kalikojengwa nyuma, na watu walioshindwa na bei ya mjini wakaja.

Basi tusiwaite wenye nyumba wote matajiri. Nilikaa na mjane mmoja wa mfanyakazi wa zamani, akanionyesha kanyumba ka vyumba viwili, matofali ya kuchoma na malata juu. “Hii njo inanilisha na bajukulu bangu,” akasema. Na watoto wa wafanyakazi wale wale, waliozaliwa ndani ya nyumba isiyolipwa, wengine wao leo ni walokatere barabara mbili kutoka pale walipozaliwa.

Sasa tuhesabu, maana hapa watu wengi wanajidanganya. Nyumba inahesabiwa kwa dola, mshahara wa wengi kwa faranga. Mwaka 2018 serikali iliweka mshahara wa chini kabisa kuwa faranga 7.075 kwa siku. Kwa siku 26 ni karibu faranga 184.000, na wakati ule zilikuwa zaidi kidogo ya dola 110. Mwaka 2024 dola moja ilifika karibu faranga 2.800, na faranga zile zile 184.000 zikawa kama dola 65. Mwenye nyumba hakuongeza hata dola moja, lakini kwa mlokatere bei ilipanda kwa zaidi ya nusu!

Halafu barabara. Chukua pesa ya taksi ya kwenda na kurudi, uzidishe mara 26. Kama watoto wanasoma mjini, ongeza na yao. Weka jumla hiyo juu ya bei ya nyumba ya Kipushi, ndipo ulinganishe na chumba cha Katuba ao cha Kenya. Jamaa yenye mtu mmoja tu anayeshuka mjini inaweza kupata faida. Jamaa yenye watatu, mara nyingi hapana. Inalipa nyumba mbili, moja ya matofali na moja ya magurudumu.

Kuna na garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Wakomisionere wengi hawaitaji sheria hiyo, nao wanataka yao pia. Itaje wewe, kabla ya kutoa pesa, na uombe karatasi.

Mwaka 2024 mgodi wa Kipushi ulianza tena kutoa zinki, chini ya Ivanhoe Mines pamoja na Gécamines. Ni furaha kwa wenye kutafuta kazi. Lakini wasomaji wetu wa Kolwezi wanajua kinachofuata: wageni wenye mshahara wa dola wanafika, na mwalimu anaambiwa atoke.

Kwa hiyo wengine wanakimbilia kununua lupango njiani, mahali ambapo kuta zinapanda kila mwaka. Angalieni. Tangu sheria ya 1973 udongo wote ni mali ya Serikali. Karatasi ya chifu peke yake haitoshi. Hati yenyewe ni certificat d'enregistrement, inayotolewa na conservateur. Nimeona lupango moja yenye misingi miwili ya nyumba, ya watu wawili, kila mmoja na karatasi yake mkononi, na mvua ilikuwa inakaribia.