Laini Inayoshika Kitaya

Simu yangu ya kwanza niliinunua Mtwara Mjini mwaka 2004: Nokia 1100, ile ya tochi. Nilikuwa nachukua samaki wakavu Feri, nawapandisha Nanyamba siku ya gulio, kisha nateremka nao Kitaya, katika bonde la mto Ruvuma, kwa mjomba. Mjini simu ilishika vizuri. Njiani ilikata, na kule bondeni haikushika kabisa.

Nanyamba palikuwa na mahali pamoja penye mtandao, kwenye kichuguu nyuma ya mikorosho. Ujumbe uliandikwa chini, kimya kimya, ndipo mtu akapanda, akanyoosha mkono juu na kubonyeza. Wengine tulisubiri zamu. Alipoona umeenda alisema tu, "Umeenda," akashuka. Dakika zilikuwa ghali, vocha tuliikwangua kwa uangalifu, na mara nyingi tulimalizana kwa kubipu. Kwetu bipu moja ilikuwa nimefika salama, mbili mzigo umeisha.

Mama mkubwa alifariki Kitaya nikiwa mjini. Habari niliipata siku ya pili, kwa mdomo wa kondakta wa gari la Nanyamba. Nilipofika walikuwa wameshazika. Hapo ndipo nilipoacha kuuliza laini ipi ina dakika za bei nafuu. Nikawa nauliza laini ipi inashika Kitaya, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na jibu.

Jibu lilikuja baada ya Oktoba 2015, kampuni ya simu ya Halotel ilipoanza kazi nchini. Vijana wake waliweka meza na mwavuli pale gulioni, laini zikauzwa kwa bei ambayo hata mchuuzi wa mihogo aliimudu. Mjomba akanunua kitochi cha laini mbili. Siku ile nilipompigia nilimwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitika, "Marahaba mpwa wangu. Nipo nyumbani, nimekaa." Maneno hayo mawili ya mwisho siyasahau. Hakuwa juu ya kichuguu wala juu ya mti. Amekaa nyumbani kwake, anaongea na mimi.

Mpaka wa Msumbiji nao una mambo yake. Ukikaribia mto, hasa kuelekea kivuko cha Kilambo, simu inaweza kunasa mnara wa Msumbiji bila kukuuliza. Utaijua kwa saa: ilikuwa saa tisa, mara inasoma saa nane, kwa kuwa wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Mimi niliwahi kupoteza salio lote, shilingi elfu tano, kwa kupokea simu moja tu nikiwa bado upande wetu wa maji, na kampuni ya laini ile haikunirudishia kitu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Viettel ya Vietnam, yenye Halotel huku, ndiyo hiyo hiyo yenye hisa nyingi katika Movitel, iliyoanza kazi kule Msumbiji mwaka 2012. Wamakonde wako pande zote mbili za mto, wanaoleana na kuzikana, lakini kumpigia ndugu wa ng'ambo ni simu ya nje ya nchi. Hilo si haki, na serikali zote mbili zina uwezo wa kulirekebisha.

Ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole. Siku ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2019, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020. Mkaza mjomba amebangua korosho tangu usichana, na mafuta ya maganda yale yanachubua ngozi. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, alikuwa nayo, lakini mashine ilikataa kidole gumba, ikakataa cha shahada. Wakala, kijana mwenye subira, alimfuta mikono kwa kitambaa chenye maji, akamshika kidole kimoja kimoja. Cha sita kikakubali.

Siku hizi natembea na laini tatu, na bando nanunua popote panapouzwa rahisi. Ile ya Kitaya ndiyo haitoki kwenye simu. Nawe ukienda kule, kabla hujaanza kuteremka bondeni zima romingi na uchague mtandao wako mwenyewe. Ukiona saa imerudi nyuma, usipokee simu.