Waya ya dhahabu, kelele ni ile ile

Wasee, wacha niwaambie ukweli. Wufa yangu hapa Raila ilikuwa inavuma "mmmm" hata kabla ngoma ianze. Nikashuka Luthuli Avenue, nikauziwa waya ya kuunganisha simu, ncha zimepakwa dhahabu. 1,500! Na hiyo pesa mathe alinipa ninunue tokeni za stima.

Kufika home, mvumo ni ule ule. Nikafunga macho, dadangu akawa anabadilisha: hii mpya, ile ya 100 bob. Mara kumi. Sikujua gani ni gani. Kisha akachomoa simu kwa chaja. Kimya! Kumbe shida ni chaja.

Dhahabu inazuia kutu tu, haiongezi besi. Waya ya kuangalia ni ya spika: ikiwa ndefu, chukua nene, iwe shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Na kabla ununue chochote, chomoa chaja usikize.

Jioni stima ikaisha. Nikamwambia mathe kila kitu. Hakunigombeza, aliuliza tu, "Sasa hiyo dhahabu inawaka?"

Nyinyi je, mmewahi kuuziwa dhahabu?