Garanti Ni Ahadi ya Pande Mbili



Ndugu wazazi na wanafunzi, siku hizi katika baadhi ya nyumba hapa Bujumbura ipo mashine ya gemu, na ikinunuliwa mpya huja na karatasi ya garanti. Wengi wetu huitia kabatini bila kuisoma. Leo tuzungumze kidogo juu ya karatasi hiyo, kwani ndani yake mna mtihani wa amana.

Watoto wetu waliletewa mashine moja na mjomba wao. Ilikuwa na miezi mitano tu pale mdogo wao alipoimwagia juisi, ikazima. Tukachomoa waya, tukakataza mtu yeyote kuiwasha. Jirani mmoja, kwa nia ya kutusaidia, akashauri: "Ustadh, ikaushe, uifute vizuri, kisha uirudishe dukani. Waambie imezima yenyewe. Si garanti ni ya mwaka mzima?"

Watoto wakatutazama, wakingoja jibu.

Fiqhi inalijua jambo hili tangu zamani. Mnunuzi akikuta kasoro iliyofichika, iliyokuwepo kabla hajakabidhiwa bidhaa, ana hiari ya kuirudisha. Kasoro iliyozaliwa mkononi mwake haimhusu muuzaji. Garanti ya kiwandani kwa kawaida iko hivyo hivyo: hubeba ubovu wa utengenezaji, haibebi juisi wala kuanguka. Tukawakumbusha watoto kisa cha Mtume (S.A.W.) kilichomo katika Sahihi Muslim, alipotia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Kule aliyeficha unyevu alikuwa muuzaji. Hapa angekuwa mnunuzi.

Basi dukani tulisema ukweli. Wakakataa kutengeneza bure, na hiyo ni haki yao. Fundi wa Buyenzi akaifungua, akaisafisha kwa spiriti, maana juisi ikikauka huacha sukari na kutia kutu ndani, akabadilisha na kifaa cha umeme kilichoungua. Watoto walichangia hela zao za Idi. Iliwauma, lakini walilipa.

Miezi miwili baadaye, padi moja ikaanza kumsogeza mchezaji bila kuguswa. Hiyo haikumwagiwa kitu wala haikuanguka. Tukarudi na risiti. Kwanza tuliambiwa mashine imeshafunguliwa na fundi wa nje. Tukajibu kwa upole kwamba padi haijafunguliwa na muhuri wake upo, tukawaonyesha karatasi yao wenyewe. Wakaibadilisha.

Kwa hiyo, ndugu zetu, someni garanti siku ya kununua. Tunzeni risiti na katoni. Msivunje muhuri kabla ya kuuliza dukani. Kitu kikiharibika, elezeni kilichotokea kama kilivyotokea. Na mkiwa na haki, msione haya kuidai. Watoto wanasikia tunachomwambia muuzaji, na hilo nalo ni somo.

Wabillahi tawfiq.