Maji Maji Ipo Berlin

Wageni wengi wa Berlin hupiga picha kwenye Lango la Brandenburg, wakatafuta mabaki ya Ukuta, wakaridhika. Mimi nilipofika mara ya kwanza nilikuwa na mtaa mwingine kichwani. Nikapanda treni ya chini ya ardhi, U6, nikashuka kituo kiitwacho Afrikanische Straße.

Hapo ni Wedding, mtaa wa watu wa kipato cha kawaida. Maghorofa yao hayamshangazi mtu. Vibao vya barabara ndivyo vinavyokusimamisha. Huku Sansibarstraße, kule Tangastraße, mara Usambarastraße. Mtu wa Tanga angedhani anafanyiwa mzaha. Majina ya makoloni ya Ujerumani yalianza kubandikwa hapa mwaka 1899, na Carl Hagenbeck, tajiri wa biashara ya wanyama, alipanga kufungua jirani bustani ya maonyesho ya wanyama na watu (ndiyo, watu) kutoka makoloni. Vita vya 1914 vikauzima mpango huo.

Mkoloni Carl Peters, ambaye kwetu alikumbukwa kama Mkono wa Damu, alipewa barabara mtaani humu mwaka 1939. Mwaka 1986 wakuu wa mji wakapata ujanja: jina Petersallee libaki, ila lihesabiwe kuwa la Peters mwingine, Hans, aliyempinga Hitler. Kibao kilekile, marehemu mwingine! Kelele hazikuisha. Agosti 2024 jina likang'olewa, na kipande kimoja cha barabara sasa ni Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Nilikisoma kibao kwa sauti, mama mmoja aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto akageuka kunitazama.

Kutoka huko nilirudi katikati ya mji, nikashuka Rosenthaler Platz, nikatembea hadi Brunnenstraße namba 193. Kwenye njia ya waenda kwa miguu pamezikwa jiwe lenye uso wa shaba, sentimita 10 kwa 10. Ukiwa na haraka utalikanyaga. Limeandikwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen. Alitumika utotoni katika jeshi la Wajerumani kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mishahara iliyokuwa haijalipwa, yake na ya baba yake. Wakamnyima. Akabaki hukohuko: akahudumu mgahawani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu. Mojawapo, ya mwaka 1941, ilimtukuza huyohuyo Carl Peters. Mwaka huohuo akakamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Akafia humo Novemba 1944.

Mwenye siku moja tu Berlin ningemshauri aanzie hapo, Lango lisubiri. Akipata siku ya pili, kambi yenyewe iko Oranienburg, mwisho wa reli ya S1, na kuingia ni bure.