Batumbula: hadithi ya nkambo na kosa langu la redio

Wiki hii siandiki juu ya barabara wala umeme. Naandika juu ya batumbula, na juu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe mbele ya mikro.

Wengi tuliokulia Kambove na Likasi tulilala na jina hilo masikioni. Nkambo wangu, mama ya mama, alikuwa mtoto wakati wa vita ya 1940-45, katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière. Jua likizama alituita: "Batoto, muingie mu nyumba. Batumbula bako." Alitueleza kwamba ni watu wa makoti meusi na taa. Wanakukamata njiani usiku, wanakupeleka kwa Wazungu. Huko unalishwa mpaka unanenepa kama nguruwe, kisha unaliwa. Wengine waliwaita Simba Bulaya, simba wa Ulaya. Nkambo hakugusa nyama ya kopo mpaka kufa kwake. Ukimuuliza kwa nini, anajibu: "Unajua ni nyama ya nani?"

Jina lenyewe linasema. Kwa Kibemba, kutumbula ni kupasua tumbo. Waswahili wa pwani nao wana kutumbua, jipu au samaki. Mtumbula ni mpasuaji.

Tulipokuwa wakubwa kidogo tulimcheka nkambo. Kisha katika kozi ya uandishi wa habari nikapata Dracula, kitabu cha Bram Stoker, mtu wa Ireland, kilichotoka 1897. Nilikisoma kwa Kifaransa, usiku, kwa taa ya simu. Bwana mkubwa wa milimani, mashariki ya Ulaya, ananunua nyumba London, anasafiri kwa meli pamoja na masanduku ya udongo wa kwao, anafika Uingereza na kuanza kunyonya damu ya wanawake. Nikajiuliza: mwaka 1897 sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Watu wa misitu ya Kongo walikuwa wanapigwa na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira. Wakati huohuo, wasomaji wa London walikuwa wanatetemeka kwa hofu ya mgeni anayekuja kwao kunyonya damu. Kwa nkambo ni kinyume: mnyonyaji anatoka Bulaya. Ni dudu lilelile, ila kila mmoja anaogopa shingo yake.

Kuna tofauti nyingine iliyonikaa kichwani. Dracula anafanya kazi kwa meno yake, usiku, karibu peke yake. Batumbula hawana meno marefu. Wana kazi. Wana koti, taa, mshahara na bosi. Mwanahistoria Mmarekani Luise White alikusanya hadithi za namna hii na kuzichapisha mwaka 2000 katika kitabu Speaking with Vampires. Nairobi walisema ni wazimamoto wanaochukua damu, Kampala bazimamoto, pwani mumiani, Zambia banyama. Mahali pengi mnyonyaji ni mtu wa kazi: askari wa zimamoto, muuguzi, mwindaji wa serikali. White hakuuliza tu kama ni kweli. Aliuliza hadithi hizi zinatuonyesha nini juu ya maisha ya waliozisimulia.

Kwetu jibu haliko mbali. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai mshahara. Tarehe 9, kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, askari waliwafyatulia risasi. Kiongozi wao Léonard Mpoyi aliuawa. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni iliongeza kazi ya lazima kwa watu wa vijiji mpaka siku 120 kwa mwaka. Shaba ilitakiwa kwa vita. Urani ya Shinkolobwe, karibu kabisa na sisi, ilisafirishwa Marekani, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka humo. Wachimbaji hawakuambiwa ni ya nini.

Sasa jiweke katika kambi ile. Mume anapimwa uzito, anachomwa sindano, anapewa unga na samaki ili awe na nguvu ya kushuka shimoni. Analishwa, ndiyo, lakini kwa faida ya nani? Anarudi amekonda na kifua kibovu. Utamwelezaje mtoto wako jambo hilo? Ukisema kampuni inakula watu, unafukuzwa kambini. Ukisema batumbula bako, hakuna wa kukufunga. Nkambo hakusoma hesabu za Union Minière, lakini alijua kwamba kuna watu wanaolishwa ili waliwe.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alilielewa jambo hili. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yetu kwa picha zaidi ya 100. Simba Bulaya alimweka ndani, pamoja na Lumumba na migomo ya wafanyakazi. Kwake haikuwa hadithi ya kutisha watoto tu. Ilikuwa sehemu ya historia.

Mpaka hapa ninamsifu nkambo. Lakini lazima niseme upande wa pili, na hapo ndipo kosa langu lilipo.

Katika hadithi ya nkambo, Mzungu yuko mbali, haonekani. Anayekukamata njiani ni mweusi kama wewe, pengine jirani, aliyepewa pesa. Kwa hiyo hadithi ikiamka leo, bosi hapigwi. Anapigwa aliye karibu.

Miaka michache iliyopita, wakati wa mvua, msikilizaji alinipigia simu: "Yaya, batumbula bameingia mu cité. Iko mutu moja na sanduku, anachukua damu ya batoto." Nilikuwa na dakika chache kabla ya habari. Sikutuma mtu, sikupiga simu hospitalini. Nikasoma hewani kwamba wakaaji wana wasiwasi juu ya mtu asiyejulikana anayetembea na sanduku, na wazazi wawe macho. Nilijiambia kwamba sikusema uongo. Wasiwasi ulikuwepo kweli.

Kesho yake asubuhi vijana walimzunguka mtu mmoja mwenye sanduku. Alikuwa mchanjaji wa polio. Ndani ya sanduku mlikuwa na barafu na chupa ndogo za chanjo. Walimpiga mpaka mama mmoja muuza makala alipojitupa juu yake na kupiga kelele kwamba anamfahamu, kwamba ndiye aliyewachanja wajukuu wake. Huyo mama ndiye aliyemwokoa.

Nilikwenda kumwona. Mkono wake ulikuwa umevunjika, jicho limefungwa. Hakunitukana. Aliniambia tu: "Nilikusikia mu radio. Nikajiuliza ni nani huyo mutu wa sanduku. Sikujua ni mimi."

Si sisi peke yetu. Malawi, mwaka 2017, uvumi wa wanyonya damu ulienea katika wilaya za kusini, na watu kadhaa waliuawa na makundi ya wananchi. Umoja wa Mataifa uliondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya wilaya. Wagonjwa na maskini ndio walioumia.

Tangu siku ile nina sheria moja. Nikisikia batumbula, sisomi hewani. Ninauliza kwanza: nani amemwona kwa macho yake? Mtoto gani amepotea, wa familia gani? Mara nyingi hakuna mtoto aliyepotea. Kisha ninauliza swali la pili, ambalo ningetamani nkambo alisikie: kuna nini hapa kinachowatisha watu? Na hapo mambo ya kweli yanatoka. Maji ya kisima yamebadilika rangi. Kijana amefukiwa shimoni na hakuna aliyekuja kuzika. Makamyo ya madini yanapita usiku kucha kuelekea Kasumbalesa, na shule haina madawati. Hizo ndizo habari za kusoma, na majina ya wenye kuhusika yasomwe pia, wapewe nafasi ya kujibu.

Wanangu nimewasimulia habari ya batumbula, pamoja na makoti na taa, kama nilivyosimuliwa. Baadaye nimewasimulia pia habari ya mchanjaji. Yeye alirudi kazini mkono ulipopona. Kampeni iliyofuata alipita mlangoni kwetu na sanduku lake, nikamtolea mtoto wangu mdogo nje, mbele ya majirani wote, akapewa matone yake mawili.